Bibi Mahbanu na Kuba la Hamamu

Paukwa!

Pakawa!

Mnataka ya baridi au ya moto?

Ya moto!

Basi sogeeni, maana ya leo inaanza na baridi ya kung'oa meno, na moto hauji mpaka tuuchimbie.

Hapo zamani za kale, mbali huko kaskazini, katika nchi ya Waajemi, palikuwa na kijiji chini ya mlima. Jina lake silijui. Aliyenipa hadithi hii hakunipa jina, nami sitawadanganya.

Ninyi mnalalamikia kipupwe. Kipupwe chenu mchezo! Huko, baridi ikiingia, maji yanasimama. Unayaacha mtungini jioni, asubuhi unakuta jiwe. Na kutoka mbinguni kunashuka theluji, nyeupe, laini, kama sufi iliyopasuliwa. Inashuka, inashuka, haisemi neno. Ukitoka nje, mlango umezibwa.

Katika kijiji hicho alikuwepo mkunga mmoja, mwanamke mtu mzima, mfupi, mwenye mgongo ulionyooka kama mchi. Jina lake Bibi Mahbanu. Karibu kila mtu pale alikuwa ameingia duniani kwa mikono yake. Ukigombana naye barabarani, anakwambia, "Nyamaza, wewe ulitoka miguu kwanza."

Watu wa kijiji walikuwa na shida moja. Hawakuwa na mahali pa kuoga. Wakati wa jua waliingia mtoni, mambo yakaisha. Wakati wa theluji hawakuoga kabisa. Walijikuna. Kru, kru, kru! Msimu mzima kru, kru, kru! Lakini mzazi aliyemaliza siku zake za uzazi ilimlazimu aoge, mwili mzima, hata kama ni wakati wa theluji. Ndiyo ilikuwa ada yao. Basi walikwenda mtoni, wakavunja barafu kwa shoka, ko! ko! ko!, na mzazi akaingia.

Wengine walitoka. Wengine walitoka na kikohozi, na kikohozi kikawachukua.

Parvini, binti wa pekee wa Bibi Mahbanu, alikwenda mtoni namna hiyo. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemshika mkono. Alirudi anatetemeka, akalala, akakohoa. Hakuamka tena. Mtoto wake naye akamfuata.

Bibi Mahbanu alilia mpaka theluji ikayeyuka. Kisha asubuhi moja, jua limetoka, akajifunga ushungi wake, akachukua fimbo, akaenda uwanjani katikati ya kijiji. Akaanza kuchora chini. Akachora pembe, akachora nyingine, mpaka zikatimia pembe nane. Akachora njia inayojikunja. Akachora duara kubwa.

Watu wakakusanyika.

"Bibi Mahbanu, unachora nini?"

"Hamamu."

"Hamamu ndiyo nini?"

"Nyumba ya kuogea. Nilipokuwa mwari niliishi mjini kwa shangazi yangu. Kila mtaa ulikuwa na hamamu yake. Theluji ilikuwa ikianguka nje, sisi ndani tunatoka jasho! Maji ya moto, sakafu ya moto, kuta za moto. Wazazi waliingia na watoto wao wachanga, wakatoka wamenawiri, mashavu mekundu. Kijiji hiki kitapata hamamu. Nitaijenga."

Wakacheka! Kwa! kwa! kwa! Wakashika mbavu.

Jumbe wa kijiji, Mzee Tahmasi, hakucheka. Alikuwa mtu mwenye hesabu, ndevu zake ndefu, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayekufa njaa. Akasema, "Bibi, nakuheshimu. Watoto wangu wote uliwapokea wewe. Lakini tazama mlima. Umeona mti? Kuni za kijiji hiki hazitoshi kuokea mkate. Utachemsha maji kwa nini? Kwa maneno?"

"Kwa miiba," akasema Bibi Mahbanu. "Bonde zima limejaa vichaka vya miiba, hakuna anayevitaka hata mbuzi. Wanawake tutavikata, tutavikausha."

"Na upepo wa mlimani? Utaipoza nyumba yako kabla moto haujashika."

"Sitaijenga juu. Nitaijenga chini. Tutachimba, tuizike mpaka shingoni, ibaki kuba peke yake nje. Ardhi itaikumbatia."

"Na mlango ukifunguliwa?"

"Njia ya kuingilia itajikunja mara hii na mara ile. Upepo hauna akili ya kupiga kona. Utagonga ukuta, utarudi kwao."

Mzee Tahmasi akavuta ndevu. "Sikukatazi," akasema. "Lakini kuni za mkate usiziguse. Na usiniombe watu. Atakayetaka kukufuata, akufuate."

"Ahsante, Jumbe. Sikuomba zaidi ya hayo."

Basi akaanza. Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo damu ilipochemka! Bibi Mahbanu akashika jembe. Ti! Ti! Ti! Siku ya kwanza alichimba peke yake. Siku ya pili wakaja wanawake wawili aliowazalisha. Kisha wakaja waume zao kuwatafuta, wakaona aibu kusimama tu, wakashika majembe. Ti! Ti! Ti! Shimo likaingia magotini, likaingia kiunoni, likapita vichwa.

Lakini shimo si hamamu. Ilibaki kazi ya fundi. Na kuba, wapenzi wangu, si kazi ya kila fundi.

Alikuwepo mmoja. Fundi Bahrami. Zamani alijenga mjini, jina lake likavuma. Sasa alikuwa mzee anayechunga mbuzi juu ya mlima, hasemi na mtu. Bibi Mahbanu akapanda mlima, anahema, hee, hee, hee, mpaka akamfikia.

"Fundi Bahrami, nataka kuba."

"Nenda kamwombe Mungu. Mimi nimeacha."

"Mungu nimeshamwomba. Ndiye aliyenileta huku."

Fundi akatazama mbuzi wake. Kisha akasema, "Bibi, unajua kuba langu la mwisho lilifanya nini? Niliharakisha. Mwenye kazi alinikimbiza, nami nikaharakisha. Ndugu yangu Siavashi alikuwa chini anafagia. Tofali moja likatoka. Kisha yote. Nilichimba kwa kucha hizi."

"Nilisikia," akasema Bibi Mahbanu. "Mimi nami nilimshika mwanangu mkono nikampeleka kwenye maji yaliyomuua. Kwa mkono huu. Kaka yangu, nimekaa msimu mzima namlilia, sikupata faida. Wewe umekaa miaka. Umepata nini?"

Mbuzi mmoja akalia, mee! Bibi Mahbanu akageuka, akaanza kushuka. Alipofika kwenye kona ya njia akasikia sauti nyuma yake.

"Kuta nitakujengea! Kuba sikuahidi!"

"Sijakuuliza la kuba leo!" akajibu, na kuteremka mbio kama msichana.

Heh! Fundi Bahrami alipoteremka, kijiji kiliamka! Kumbe mtu yule mkimya ana sauti ya radi. "Lete udongo! Kanyaga! Geuza! Choma!" Matofali yakachomwa, mekundu. Akataka saruji ya kuzuia maji. "Chokaa!" Ikaletwa. "Majivu!" Yakaletwa. "Manyoya ya mbuzi!" Mbuzi wake mwenyewe wakanyolewa, wakabaki uchi wanatazamana. "Na ute wa mayai!"

"Mayai mangapi, Fundi?"

"Yote!"

Kijiji kizima kikala viini tu. Kuku wakakoma. Wanawake wakapiga saruji kwa mipini, pu! pu! pu!, wakiimba, mpaka ikawa nzito, laini, inang'aa kama siagi.

Fundi akajenga. Kwanza ukumbi wa kuvulia nguo, wenye pembe nane, na birika la maji katikati. Kutoka hapo njia iliyojikunja, nyembamba, ya kupita mtu mmoja mmoja. Kutoka hapo chumba cha moto. Chini ya sakafu ya chumba hicho akaacha mashimo marefu, yanazunguka huku na huku, wembamba wake ni wa kupita paka, na kweli waliyaita njia ya paka. Nyuma kabisa akaweka tanuri, na juu ya tanuri sufuria kubwa ya shaba. Moshi wa tanuri usingetoka moja kwa moja. Ungetambaa kwanza chini ya sakafu, uache joto lake lote, kisha upande ndani ya kuta, utoke juu ukiwa umechoka. Maji yakaletwa kutoka kwenye chemchemi kwa mabomba ya udongo, yamefukiwa chini sana, baridi isiyafikie.

Bibi Mahbanu alikuwa kila mahali. Anabeba, anachota, anamzalisha mtu asubuhi, mchana yupo kwenye saruji. Tangu amzike Parvini hakuwa akilala. Sasa alikuwa akiweka kichwa tu, amelala.

Hatimaye ikabaki kuba. Fundi akatazama juu, akatazama chini. Hakusema kwamba atalijenga, wala hakusema hatalijenga. Siku moja tu wakamkuta juu ya ukuta, anapanga tofali kwa duara. Hakutumia mbao ya kulishikilia, maana mbao hazikuwepo. Kila duara lilibana lile la chini yake, likaingia ndani kidogo, na kidogo tena. Kuba likapanda. Kati ya matofali akaacha matundu ya kupitisha mwanga, yamepangwa kama nyota.

Likapanda mpaka pakabaki tundu moja kileleni, upana wake kama ungo.

Hapo akasimama.

Siku hiyo upepo uligeuka. Wingu zito likakaa juu ya mlima, na kila mtu akainua pua. Theluji! Wenyewe huinusa kabla haijaanguka. Na saruji mbichi ikiingiwa na theluji kuba halijafungwa, inaoza. Kazi yote ingebomoka.

"Fundi, funga!" watu wakapiga kelele.

Fundi Bahrami akainua tofali. Akaliweka chini. Akainua tena. Akaliweka chini. Kisha akateremka ngazi, akakaa juu ya rundo la mchanga, akafunika uso.

"Siwezi," akasema. "Namwona Siavashi mle ndani."

Wingu likashuka. Mzee Tahmasi naye alikuwa amefika, akatikisa kichwa, akasema taratibu, "Nilijua."

Bibi Mahbanu hakubishana na mtu. Alichukua pia yake, kijiti cha kusokotea uzi, na fungu la manyoya. Akashuka ngazi za hamamu. Akapita ukumbi wa pembe nane. Akapita njia iliyojikunja. Akaingia chumba cha moto, akaenda katikati kabisa, chini ya lile tundu. Akaketi sakafuni. Akaanza kusokota.

"Fundi Bahrami!" Sauti yake ikapanda, ikazunguka kwenye kuba, ikatokea juu. "Panda ufanye kazi yako! Mimi nipo huku chini!"

Fundi akaruka kama aliyeumwa na nge. Akapanda ngazi mbio, akachungulia tunduni. "Toka humo, mwanamke!"

"Sitoki."

"Toka! Likianguka je?"

"Kule mlimani uliniambia lile lilianguka kwa sababu uliharakisha. Hili umeliharakisha?"

"Sikuliharakisha."

"Kuna tofali hata moja ulilipanga bila kulitazama?"

Fundi akayatazama maduara yote, moja moja. "Hakuna," akasema.

"Basi niache nisokote manyoya yangu kwa amani. Lakini fanya upesi kidogo, kaka, sakafu hii bado baridi!"

Watu wakacheka huku wanalia. Lakini niwaambie la kweli, maana wale wa nje hawakuliona. Kule chini Bibi Mahbanu aliishika ile pia yake ili mikono iwe na kazi. Alitazama uzi, hakutazama juu. Alikuwa anaogopa kufa kama mimi na wewe.

Juu, ko! Tofali. Ko! Tofali. Vumbi likamwangukia ushungini, sss. Akasokota. Ko! Ko! Mwanga ukapungua. Mara, KACH!

Kipande cha tofali kikaanguka, kikapasuka mbele ya miguu yake. Nje watu wakapiga yowe. Bibi Mahbanu akafumba macho. Akasubiri mengine yafuate.

Hayakufuata.

"Ni kipande tu!" Fundi akaunguruma. "Nimekichonga mwenyewe! Kaa hapo hapo!"

"Nimekwambia nataka kwenda wapi?"

Ko! Ko! Ko! Kisha kimya. Tundu limezibwa. Bibi Mahbanu akafumbua macho. Katika giza, mwanga ulikuwa unapita kwenye yale matundu madogo, nyota huku, nyota kule, nyota kwenye mikono yake, nyota kwenye manyoya mapajani pake. Mchana kweupe, na yeye amekaa katikati ya nyota!

Juu akasikia, TU! TU! TU! Fundi Bahrami, mzee mzima, alikuwa amesimama juu ya kuba lake anarukaruka. Na kuba halikutikisika.

Vigelegele! Leleleleeee!

Theluji ikaanguka usiku ule ule, lakini ilikuta vioo vinene vimeshaingizwa katika matundu, na majamvi yamefunika kileleni.

Sasa ukaja moto. Saruji ilipokauka wakajaza maji, wakawasha tanuri. Vuuu! Miiba ikawaka kama karatasi. Asubuhi wakagusa sakafu. Baridi. Adhuhuri wakagusa. Baridi. Fundi akasema, "Mawe yana kiu. Yatakunywa joto mpaka yashibe, ndipo yatatupa sisi." Wakachochea. Rundo la miiba waliyoikata wanawake, lililokuwa refu kama nyumba, likawa refu kama mtu. Likawa refu kama mbuzi. Jioni wakagusa. Baridi!

Minong'ono ikaanza. Na nyumbani kwa Jumbe, binti yake Golnari alikuwa amemaliza siku zake za uzazi. Siku ya kuoga imefika. Mto umeganda. Shoka limeegemezwa mlangoni, linamngoja.

Asubuhi iliyofuata Bibi Mahbanu akavua viatu. Akasimama peku juu ya sakafu ya chumba cha moto, akakataa kutoka. Kule kwenye tanuri wanawake wakatupa kichaka cha mwisho. Kikawaka, kikaisha.

Hapo wakasikia hatua. Kru, kru, kru, juu ya theluji. Mzee Tahmasi anakuja, amepinda mgongo, amebeba mzigo wa kuni. Kuni za kweli! Kuni za mkate, za nyumbani kwake. Nyuma yake wanawe, kila mmoja na mzigo.

Mwanamke mmoja akasema, "Jumbe, umekuja kutukataza?"

"Nimekuja kuchochea," akasema. "Pisheni."

Akapiga magoti mbele ya tanuri, ndevu zake zile ndefu karibu ziungue, akachochea kwa mikono yake. Moto ukanguruma, guuuu! Moshi ukaingia njia ya paka, ukatambaa, ukazunguka.

Bibi Mahbanu alikuwa amesimama hana hisia miguuni. Kisha, kisigino cha kulia, kitu kidogo. Kama pumzi ya mtoto. Akangoja. Kisigino cha kushoto. Vidole. Nyayo nzima!

"Nyayo zangu!" akapiga kelele. "Nyayo zangu, jamani! Inapanda! Inapandaaa!"

Watu wakamiminika ndani, wakavua viatu, wakarukaruka kama watoto. Kuta zikaanza kutoka jasho. Mvuke ukapanda kubani. Fundi Bahrami akachukua baragumu, akatoka nje, akapuliza kuelekea nyumba zote: Vuuuuu! Vuuuuu! Maji yamechemka! Kitambaa chekundu kikatundikwa mlangoni, ili wanaume wajue kwamba wanawake wamo ndani.

Golnari akaja amefunikwa mablanketi, mtoto kifuani, theluji inaanguka mabegani. Akashuka ngazi. Alipoingia chumba cha moto akasimama, akatazama juu, akasahau kufunga mdomo.

"Bibi," akasema, "kuna la kuogopa?"

"Vua, mwanangu," akasema Bibi Mahbanu. "Njoo ukae hapa."

Akamkalisha juu ya jiwe la moto. Akachota maji kwa bakuli la shaba, akayajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Kisha akammwagia. Polepole, begani. Golnari akafumba macho, akacheka. Bibi Mahbanu akamsugua mgongo, akamsugua mikono, akamwosha nywele. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mle ndani kila uso ulikuwa na maji, hakuna aliyejua. Akamwosha mtoto pia. Mtoto akapiga chafya, chwi!, akalala.

Wanawake wakapiga vigelegele. Kuba likavipokea, likavizungusha, likavitoa nje vimekuwa maradufu. Nje kwenye theluji Fundi Bahrami alivisikia vikitoka chini ya kuba lake, sauti za watu walio salama, watu hai. Akakaa juu ya ngazi, akamwambia Mzee Tahmasi, "Wamo ndani."

"Wamo," akasema Jumbe, anapangusa macho na kusingizia moshi.

Tangu siku hiyo shoka la barafu likatumika kwa kazi nyingine. Wanawake walikuwa na siku zao, wanaume siku zao. Kina mama waliwatafutia wana wao wachumba humo, watu walipatana humo, walisengenyana humo pia, sitawaficha. Fundi Bahrami akaitwa vijiji vya jirani, akajenga nyingine. Kila alipofika kileleni aliuliza, "Chini yupo mtu?" Na kama yupo alimtoa kwanza, kwa adabu. Alisema mwanamke mwenye roho ile ni mmoja tu.

Bibi Mahbanu akaishi mpaka akawazalisha wajukuu wa wale waliomcheka. Golnari akawa mkunga baada yake, naye aliwaambia wanawake habari hii wakiwa wamekaa kwenye mvuke, na wao wakawaambia wengine, mpaka ikanifikia mimi nisiyewahi kuona theluji.

Funzo lake ni hili, wapenzi wangu. Ukifiwa, lia, hakuna anayekukataza. Lakini ukiinuka, tazama ni kitu gani kilichokuumiza, ukakirekebishe ili kisimuumize mwenzako. Na ukimwomba mtu akufanyie kazi anayoiogopa, usisimame mbali ukampigia kelele. Ingia ndani, ukae karibu naye.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mvuke wake umetoka. Aliyepata joto arudi nalo nyumbani, na aliyesinzia akanawe uso.